Kipimo cha Damu na Saratani ya Tezi Dume: Tahadhari Inayohitajika

Mwaka jana mzee mmoja wa Uru, jirani wa ukoo wetu, aliniletea karatasi ndogo iliyoandikwa PSA na namba 9. Alikuwa amepimwa bure mjini Moshi katika siku ya upimaji wa afya, akaambiwa kwamba namba hiyo imezidi 4, kisha akaachwa aende zake. Alipofika kwangu alikuwa amekwisha kuwaita wanawe na kuwagawia kihamba. Mimi si tabibu, nafundisha biokemia tu. Lakini karatasi ile ndiyo iliyonisukuma kuandika haya.

PSA ni kimeng'enya kinachotengenezwa na tezi dume, iliyo chini ya kibofu cha mkojo cha mwanamume. Kazi yake ni kuyafanya manii yawe majimaji. Kiasi kidogo huvuja na kuingia katika damu, nacho hupimwa kwa nanogramu, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu, katika kila mililita. Saratani huuvuruga mpangilio wa tezi, na uvujaji ukazidi. Lakini tezi iliyokua kwa uzee tu, au yenye maambukizo, au iliyosumbuliwa na mpira wa mkojo, nayo huvujisha vilevile. Kwa hiyo PSA hutupa habari za tezi yenyewe, wala si za saratani peke yake.

Mwalimu wa hesabu aweza kulionyesha jambo hili ubaoni. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba wanaume 1,000 wamepimwa, na 50 kati yao wana saratani. Kipimo kiwagundue 40 kati ya hao, na kiwashtaki bure 95 katika wale 950 wasio nayo. Walioshtakiwa ni 135, na wagonjwa wa kweli miongoni mwao hawafiki theluthi moja. Wagonjwa 10 nao wamerudi nyumbani wakifurahi.

Richard Ablin, aliyeieleza antijeni ya tezi hiyo mwaka 1970, aliandika mwaka 2010 kuwalaumu wanaowapima watu wote kwa jumla. Sikubaliani naye kabisa. Wanaume wetu wa milimani huchelewa mno. Wengi huja mkojo ukiwa umekwisha kuziba, au maumivu yamefika katika mifupa ya mgongo. Atakayewaambia wasipimwe hawatakii mema. Ninachopinga ni kipimo kisichokuwa na hatua ya pili. Anayepima damu ya mtu hana budi kujua kwanza ni nani atakayemchunguza kwa kidole, nani atakayetoa vipande vya tezi kwa sindano na kuvitazama kwa hadubini, na nauli ya kurudi Moshi italipwa na nani.

Penye nguvu zaidi ni katika kumfuatilia mgonjwa anayejulikana. Hata Marekani PSA iliruhusiwa kwa kazi hiyo mwaka 1986, na kwa ugunduzi mwaka 1994 tu. Tezi yote ikiondolewa, PSA iliyobaki katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku mbili au tatu; ikianza kupanda tena, daktari huonywa kabla mgonjwa hajasikia maumivu.

Viungo vingine havina bahati sawa. Saratani kadhaa za korodani hutoa homoni ileile inayotafutwa katika kipimo cha mimba (wanafunzi hucheka wakisikia hivyo, lakini ni kweli). Figo halina hadi leo alama ya damu inayotegemewa. Kwa kibofu, onyo la kale lingali lilelile: damu katika mkojo, hasa kwa watu wa nchi zenye kichocho.

Mzee wa Uru tulimpeleka KCMC. Vipande vya tezi yake havikuonyesha saratani, ila tezi iliyokua kwa uzee, naye anatibiwa. Kihamba wanawe hawajakubali kukirudisha.