Mambo ya Dunia: Mbunge Aliyeuliza Habari za Rehani



Wako watu wasemao kwamba mbunge wa upinzani hana kazi ila kupiga kelele. Wakimsikia redioni anamwuliza Waziri swali, huguna na kusema, "Huyu naye! Hata choo cha shule hajajenga, kazi yake maneno tu." Maneno hayo yana ukweli kidogo, maana wapo waulizao ili wasikike jimboni, basi. Lakini juma hili nataka kuwasimulia habari ya mbunge mmoja wa Uingereza na swali lake moja. Siku alipoliuliza halikumpendeza mtu. Baadaye likaja kugusa nyumba za watu, akiba za wazee, na hata hospitali na maktaba za nchi nzima.

Mbunge huyo ni Bwana Vince Cable. Kwetu si mgeni kabisa. Tangu mwaka 1966 hadi 1968, akali kijana, alikuwa mtumishi katika Wizara ya Fedha ya Kenya, siku za Mzee Kenyatta, na mke wake wa kwanza alitoka katika jamaa ya Wagoa Wakatoliki wa huko huko Kenya. Kwa hiyo miaka ile Tanzania ilipotaifisha mabenki, Februari 1967, yeye alikuwa jirani yetu, ng'ambo ya mpaka tu. Jambo hilo mliweke akilini, tutalirudia.

Aliingia Bungeni mwaka 1997 kwa jimbo la Twickenham, upande wa London, akawa msemaji wa chama chake katika mambo ya fedha. Chama chenyewe, Liberal Democrats, kilikuwa cha tatu kwa ukubwa. Hata baada ya uchaguzi wa mwaka 2005 kilipata viti 62 tu katika Bunge la watu 646. Mtu wa chama kama hicho hawezi kuangusha mswada wa Serikali kwa kura zake. Silaha yake ni swali.

Sasa tueleze kidogo habari ya rehani, maana ndiyo shina la mambo yote haya. Uingereza watu wengi hawajengi nyumba zao kidogo kidogo kama sisi, mwaka huu matofali, mwaka ujao mabati. Mtu hununua nyumba iliyokwisha jengwa kwa fedha za benki, kisha hulipa kila mwezi, deni pamoja na riba, kwa muda wa miaka 25 hivi. Nyumba yenyewe ndiyo rehani. Akishindwa kulipa, benki huichukua na kuiuza. (Na sisi tusidhani rehani ni jambo la Wazungu peke yao. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuiweka nyumba ya ndoa rehani bila ridhaa ya mwenzake. Akina mama na walijue hilo.)

Kutaka nyumba yako mwenyewe si dhambi. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alitaka mfanyakazi apate ujira utakaomwezesha kuweka akiba na kujipatia mali yake kidogo. Lakini angalieni yaliyotukia. Tangu sheria ya mwaka 1980, nyumba za kupanga zilizokuwa mali ya halmashauri ziliuzwa kwa wapangaji, zaidi ya milioni moja, na mpya zilizojengwa badala yake zilikuwa chache mno. Huduma ile ya umma ikapungua, na mwenye kipato kidogo akaelekezwa benki. Wanunuzi wakawa wengi, mabenki yakawa karimu kupita kiasi, bei za nyumba zikapanda. Katika miaka 10 baada ya mwaka 1997 zilipanda karibu mara tatu. Mwenye nyumba akajiona tajiri hali amelala. Naye akaenda tena benki kukopa juu ya utajiri ule, anunue gari au asafiri likizo.

Hapo ndipo Bwana Cable alipoinuka. Novemba 2003, katika kipindi cha maswali ya fedha, alimwuliza Bwana Gordon Brown, Waziri wa Fedha: je, si kweli kwamba uchumi huu unaosifiwa unasimama juu ya matumizi ya watu wenye madeni makubwa kuliko wakati wowote, na kwamba dhamana ya madeni hayo ni bei za nyumba ambazo Benki Kuu yenyewe yaziona zimepita kiasi? Bwana Brown hakukubali. Alimjibu kwamba amekuwa akiandika magazetini habari za kutisha watu zisizo na msingi. Waziri yule alikuwa amezoea kutangaza kwamba siku za uchumi kupaa na kuporomoka zimekwisha. Julai mwaka uliofuata Benki Kuu ikatoa hesabu: madeni ya raia yamepita pauni bilioni 1,000.

Tumtendee haki Bwana Brown. Hakuwa mtu mzembe, wala fedha hakuzifuja kwa anasa. Alipandisha malipo ya bima ya taifa tangu Aprili 2003 ili hospitali zipate fedha, na hospitali zilipata. Lakini sehemu ya mapato ya Serikali ilitoka katika kodi za mabenki na za mauzo ya nyumba. Maana yake ni kwamba dawa ya mgonjwa na mshahara wa mwalimu vilianza kutegemea jambo lile lile alilouliza Bwana Cable. Waziri aulizwaye habari za rehani akadhani anaulizwa habari za mabenki tu, aweza kukosa kuona hayo.

Katika mji wa Newcastle palikuwa na benki iitwayo Northern Rock. Asili yake ni vyama vya watu wa kawaida vya kuweka akiba na kukopeshana kwa ajili ya nyumba, vya karne ya 19. Mwaka 1997 kiliacha kuwa chama cha wanachama, kikawa kampuni ya wenye hisa. Ikaanza mbio. Mtu mwenye kununua nyumba ya pauni 100,000 aliweza kupewa pauni 95,000 kwa rehani ya nyumba ile, na juu yake pauni 30,000 bila dhamana yo yote. Jumla pauni 125,000! Yaani siku ya kwanza kuingia ndani, deni limekwisha pita nyumba.

Nayo benki ilizipata wapi fedha hizo? Akiba za wateja wake hazikutosha, ikawa inakopa kwa mabenki na matajiri wengine, mikopo ya muda mfupi. Wanavijiji watanielewa nikisema hivi: ni kama mtu akopaye mahindi kwa majirani, ya kurudisha mwezi ujao, kisha yeye ayakopeshe kwa watu watakaorudisha baada ya miaka 25. Majirani wakiendelea kumpa kila mwezi, aonekana fundi wa biashara. Siku majirani wakifunga ghala, amekwisha. Agosti 2007 ghala zilifungwa. Huko Marekani watu waliokopeshwa nyumba bila uwezo wa kulipa walishindwa, na mabenki ya dunia yakaogopana, kila mmoja asijue mwenzake ameshika karatasi gani mbovu.

Usiku wa Alhamisi, tarehe 13 Septemba 2007, BBC ikatoa habari kwamba Northern Rock imeomba msaada wa Benki Kuu. Ijumaa asubuhi foleni zilizunguka matawi yake, wazee kwa vijana, kila mmoja ataka fedha zake. Wengine waliwacheka kwa hofu yao. Mimi siwacheki. Sheria ya siku zile iliwakinga kikamilifu kwa pauni 2,000 za kwanza tu, na baada ya hapo kwa sehemu 9 katika 10 mpaka kufika pauni 35,000. Zaidi ya hapo hakuna kinga. Mzee aliyeweka benki fedha za kiinua mgongo angefanya nini? Kwa zaidi ya miaka 100 Waingereza hawakuwa wameona wenye akiba wakimiminika hivyo kwenye benki yao. Foleni zilipungua baada ya Waziri mpya wa Fedha, Bwana Alistair Darling, kutangaza Jumatatu tarehe 17 kwamba Serikali yazidhamini akiba zote za benki ile.

Ikawaje baadaye? Bwana Cable aliinuka tena mwaka ule ule, akataka Serikali iitaifishe benki ile mara moja, kwa kuwa fedha zinazoishikilia ni za umma. Serikali ikasita miezi kadhaa ikitafuta mnunuzi, na chama kikubwa cha upinzani, Conservative, kikakataa kabisa neno hilo la kutaifisha. Februari 2008 ikataifishwa. Nilipokumbuka kwamba mwaka 1967 Waingereza walitukasirikia sisi tulipotaifisha mabenki, ya kwao yakiwamo, nilitabasamu kidogo. Mambo hayakuwa sawa, najua. Lakini nilitabasamu.

Miezi ile Bwana Cable alikuwa akikaimu uongozi wa chama chake. Katika maswali ya Jumatano kwa Waziri Mkuu, ambaye sasa alikuwa Bwana Brown mwenyewe, mkuu wa chama cha tatu alipewa maswali mawili tu. Novemba 2007 Idara ya Kodi ilikuwa imepoteza sahani mbili za kompyuta zenye habari za watu milioni 25, wazazi na watoto wanaopata posho ya watoto. Zilitumwa tu kama kifurushi zikapotea njiani. Katika siku hizo hizo Bwana Cable akasema kwamba Waziri Mkuu amegeuka kutoka Stalin akawa Mr. Bean. Bunge zima likaangua kicheko, na mpaka leo watu hukumbuka mzaha huo. Swali la mwaka 2003 wachache walikumbuka. Lakini Hansard haichagui. Swali na jibu vimeandikwa humo bega kwa bega, tarehe na yote.

Wala tusimfanye nabii. Katika swali lile hakuitaja Northern Rock. Alisema deni limekuwa kubwa na dhamana yake ni dhaifu, basi.

Mwisho wa mambo hayo uliwafikia wasiokopa hata senti. Mwaka 2009 peke yake jamaa zaidi ya 40,000 walinyang'anywa nyumba. Mabenki yalipoanguka mapato ya Serikali yalianguka pamoja nayo, na mwaka 2010 ikaja Serikali mpya ya vyama viwili, ikakata matumizi. Halmashauri zikapunguziwa fedha, maktaba nyingi zikafungwa. Na katika Serikali ile aliketi nani kama Waziri wa Biashara? Bwana Cable.

Sasa akawa yeye wa kujibu. Wabunge wa chama chake walikuwa wametia sahihi ahadi kwamba watapinga kupandisha ada za vyuo vikuu, na Desemba 2010 yeye ndiye aliyelipeleka Bungeni jambo la kuzipandisha hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Mwaka 2013 aliuza Shirika la Posta kwa bei ya peni 330 kila hisa; siku ya kwanza sokoni zikafunga kwa peni 455, na mkaguzi wa hesabu za Serikali akasema umma ungaliweza kupata zaidi. Wapinzani walimwuliza kwa ukali, naye aliwajibu kwa namna isiyopishana sana na ile ya Bwana Brown. Mwaka 2015 watu wa Twickenham walimnyima kura. Wakamrudisha mwaka 2017.

Mikopo ya Northern Rock haikwisha pamoja na benki yake. Mwaka 2015 Serikali iliuza mikopo yenye thamani ya pauni bilioni 13 kwa kampuni ya uwekezaji ya Marekani, Cerberus. Wengi wa wadaiwa hao hawakuweza kuhamisha deni kwenda benki yenye riba nafuu, kwa kuwa masharti mapya yalikuwa makali kuliko yale waliyokopeshwa nayo, ingawa kila mwezi walilipa bila kukosa. Huko kwao wameitwa wafungwa wa rehani. Wabunge wa vyama mbalimbali wameendelea kuwaulizia Mawaziri habari zao.