Vidonge viwili vya sipro

Naomba niseme jambo, kwa sababu hapa mtaa wa Guangyuan Xilu, Guangzhou, China, naliona kila msimu wa mizigo. Mfanyabiashara wa Kariakoo tumbo likimsokota, mwenzake humpa vidonge viwili vya sipro, yaani antibiotiki ya ciprofloxacin, kutoka mkobani, anameza, anarudi sokoni kuhesabu marobota.

Sipro huua bakteria kwa kusababisha DNA yake ikatike. Bakteria akihisi hivyo, protini ya RecA hupiga kengele: kizuizi kiitwacho LexA hujikata, na jeni za ukarabati zikaanza kazi. Baadhi ya ukarabati huo una makosa, na kosa moja laweza kuzaa usugu. Bakteria wengine huzubaa tu, hawakui wala hawagawanyiki, mpaka dawa ipite. Joseph Bigger aliwaona wa namna hiyo tangu 1944, akitumia penisilini.

Linalonitisha zaidi ni kipindupindu, maana kwetu bado kinazika watu. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kuwa kengele hiyohiyo humfanya kimelea wake amgawie jirani kipande cha DNA kiitwacho SXT, chenye jeni za usugu dhidi ya dawa kadhaa. Yaani sipro inaweza kusambaza usugu wa dawa nyingine kabisa!

Wenzangu, msigawane vidonge. Nendeni mkapimwe. Anayehofia Kichina cha hospitali aniandikie hapa chini, nitamsindikiza nimtafsirie.