Seva Ni Yako, Chatiboti Ina Wenyewe

Imani moja imeshika kasi miongoni mwa vijana wetu wa teknolojia: ukikodi seva pepe (VPS), ukasimika paneli ya usimamizi kama Pterodactyl, ukawasha chatiboti yako humo, basi umejikomboa. Hudaiwi na mtu, data iko kwako, hakuna wa kukuzimia. Wanamuuzia habari hiyo mwenye duka Kariakoo anayetaka wateja wajibiwe usiku, na chama cha akiba na mikopo kinachotaka wanachama waulize salio kwa simu. Nasema ni uongo, na wengi wanaoueneza wanaijua nusu tu ya kazi.

Kwanza tuulizane mwenye chatiboti ni nani. Ya Telegram husajiliwa kwa BotFather, ambayo nayo ni mali ya Telegram. Unapewa tokeni, na anayeishika tokeni ndiye bwana. Ujumbe wa mteja hupita kwenye mitambo ya Telegram kwanza, wala haufungwi kwa namna ya kumzuia Telegram mwenyewe asiuone. Seva yako huupokea tu kutoka huko. Seva ikizimika, ujumbe hutunzwa kwa muda usiozidi saa 24, kisha hupotea. Novemba 2024 Kenya iliibana Telegram kwa sababu ya mitihani ya kumaliza sekondari, KCSE. Hata seva ingekuwa chini ya kitanda chako, mteja wa Nakuru asiye na VPN angekupataje?

WhatsApp wamelisema jambo hili waziwazi zaidi. Meta, wenye WhatsApp, walikuwa na mfumo ambao kampuni iliweza kuuendesha kwenye mitambo yake yenyewe. Wakaufunga Oktoba 2025, kila mtu ahamie kwenye wingu lao. Wanaokwepa kwa kutumia programu zisizo rasmi wanajiweka kwenye hatari ya kufungiwa namba, na kwa wafanyabiashara wengi namba ndiyo duka lenyewe.

Tuje kwenye paneli. Pterodactyl ni programu huria nzuri, sina ugomvi nayo. Ilitengenezwa kwa ajili ya seva za michezo kama Minecraft, na anayehudumia wateja ishirini kwenye mashine moja ataishukuru. Lakini chatiboti ya mistari mia mbili? Ili iwake humo unahitaji PHP, MariaDB, Redis, seva ya wavuti, cheti cha usalama, Docker, na juu yake Wings, sehemu ya Pterodactyl inayoziendesha programu zenyewe. Mzigo wa kilo moja umekodiwa lori la tani kumi.

Kichekesho kiko hapa: chatiboti ya Telegram inayokwenda yenyewe kuuliza kama kuna ujumbe mpya haihitaji poti hata moja iliyo wazi kwa nje. Ni paneli inayokulazimisha kuzifungua: 443 ya ukurasa wa kuingilia, 8080 ya Wings, 2022 ya kupakia mafaili. Umetafuta usalama, ukaishia kuongeza pa kuvamiwa. Juni 2025 ilitangazwa kasoro ya Pterodactyl, CVE-2025-49132, iliyopewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Mtu asiye na akaunti wala nywila aliweza kuendesha amri zake kwenye seva yenye paneli hiyo. Dawa ilikuwa toleo la 1.11.11. Sasa mwulize aliyekufungia paneli mwaka juzi akachukua chake akaondoka: alirudi kuisasisha? Aliyeiteka paneli amezipata na tokeni zote zilizoandikwa humo.

Halafu ile taa ya kijani inayowatia watu usingizi. Paneli huhesabu kuwa programu imewaka pale inapoona maneno iliyoelekezwa kuyasubiri kwenye konsoli. Kama chatiboti inajibu au haijibu, haijui. Tokeni inaweza kubatilishwa, programu ikabaki hai ikilalamika peke yake, na taa ikawa kijani vilevile huku mteja aliyeuliza bei akihamia duka la jirani. Nakala rudufu nazo, usipobadilisha mipangilio, hukaa kwenye mashine ileile. Diski ikifa, zimekwenda nayo.

Watetezi hunijibu kwamba data za Watanzania zibaki mikononi mwa Watanzania. Sawa, ila VPS ya bei nafuu iliyoko Ujerumani si mikono ya Watanzania. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa azilinde. Chama kilichoweka salio za wanachama nyuma ya paneli isiyosasishwa hakitaokolewa na kauli ya “seva ilikuwa yetu”.

Kwa chatiboti moja inatosha akaunti isiyo na mamlaka ya root, faili la systemd la kuiwasha tena ikianguka, tokeni iliyowekwa nje ya msimbo, na nakala kwenye mashine nyingine. Nanyi mnaowauzia wenye maduka paneli, kabla ya kupokea hela yao waambieni ni nani atakayeisasisha na atalipwa na nani.