Kijana Anayechora-Chora Wakati wa Mahubiri



Siku moja baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa aliniletea kaye ya kijana wake. "Pasta, angalia mwenyewe. Wewe unahubiri, yeye anachora tu. Hasikie neno hata moja." Nikafungua. Pembeni mwa ukurasa palijaa viduara, mawimbi, mitumbwi, na mukeke mmoja mwenye macho makubwa. Nilikasirika, kaye nikabaki nayo. Kesho yake nikamwita kijana nimuonye. Nikamuuliza: jana nilihubiri nini? Akanieleza toka mwanzo mpaka mwisho, hata ule mfano wa wavuvi ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuusahau. Nikamrudishia kaye yake kwa haya.

Kumbe jambo hili limepimwa. Mwaka 2009 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, anayeitwa Jackie Andrade, alitangaza kazi yake juu ya watu 40. Aliwasikilizisha ujumbe wa simu wa dakika mbili na nusu, maneno ya kuchosha kabisa. Nusu yao walipewa kazi ya kujaza vimaumbo kwa penseli wakati wanasikiliza, wengine hawakupewa. Kisha akawauliza kwa ghafla majina ya watu na ya mahali. Wale wenye kujaza walikumbuka zaidi kwa asilimia 29.

Yeye anafikiri sababu ni hii: maneno yakichosha, akili inatoka nje kutembea. Mkono ukiwa na kakazi kadogo, akili inabaki karibu. Lakini vijana, msinishike vibaya! Anayechora uso wa mtu na kutaka utoke sawasawa, huyo amekwisha kuondoka. Na mwalimu akiandika hesabu ubaoni, jicho haliwezi kuwa pahali pawili.

Wala mchezo huu si wa wageni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Emil Torday, mtu wa Hungaria, alifika kwa Wakuba kule Kasai, akakuta watoto wakichora mistari mchangani. Wakamwomba naye ajaribu. Akashindwa, wakafurahi sana. Na kule Lubumbashi, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua nyumba ya wachoraji, akawaacha wachore yanayotoka ndani yao bila kuwapa picha za kuiga. Bela, aliyekuwa mtumishi wake, alichora kwa ncha za vidole, na picha zake zinajulikana hata Ulaya.

Hata Bwana Yesu, katika Yoane 8, wakati watu wanapiga kelele za kumshitaki yule mwanamke, aliinama akaandika chini kwa kidole. Biblia haituambie aliandika nini, nami sitaongeza.

Mama mmoja ataniambia: Pasta, kaye ni franga! Ni kweli, na siku ambayo baba hakupata kitu mgodini inaumiza zaidi. Basi mumpe mtoto mgongo wa kalenda ya mwaka jana, ao karatasi ya mfuko wa saruji. Asipopata, mchanga wa ziwa hauna bei.

Yule mzee bado hajakubali. Lakini juzi, katika kikao cha wazee, tulipokuwa tunajadili mabati kwa muda mrefu, nilitupa jicho upande wake. Biki yake ilikuwa inazungusha viduara pembeni mwa barua.