Mwalimu, huo wimbo wamchagulia mtoto au jaji?

Kila Tamasha la Muziki la Kenya likikaribia, ubishi ni ule ule: mtoto wa kupuliza peke yake apewe wimbo gani? Jibu la walimu wengi nalijua hata kabla hawajafungua mdomo. Mgumu, tena wa Ulaya. Shule ikibahatika kupata klarineti, basi ni Mozart moja kwa moja, ile konserto yake ya 1791.

Sina ugomvi na Mozart. Lakini aliiandikia nani? Anton Stadler, fundi aliyeiva, mwenye klarineti iliyorefushwa ili ishuke chini zaidi. Hakumwandikia mtoto wa shule hapa Kombani anayegawana ala moja na wenzake watano.

Na klarineti ina mtego. Rekoda ikipanda, hurukia noti ya 8. Klarineti hurukia ya 12. Pale pa kuvukia ndipo watoto huzama, manake vidole karibu vyote vyatakiwa vizibe kwa pamoja, na tundu moja likivuja ala yapiga yowe mbele ya watu. Sasa wewe wampa wimbo unaovuka pale kila mstari, halafu washangaa analia nyuma ya jukwaa?

Wengine wenu hamumchagulii mtoto bana. Mwamchagulia jaji, na picha ya kuposti.

Wakati huo huo chivoti ipo, filimbi yetu ya Kidigo ya kupulizwa ubavuni. Nzumari ya sengenya ipo, ambayo mpulizaji hujaza mashavu na kuvuta pumzi puani huku sauti haikatiki. Mwambie mwenye klarineti afanye hivyo dakika tano tuone. Eti hizo ni ngoma za kijijini, rahisi. Rahisi kwa nani? Mwiteni mzee wa nzumari shuleni, mumlipe pesa za maana (si soda na nauli ya boda), akae na watoto hata wiki mbili.

Mtaniambia ala za Kimagharibi zina kitengo chake na masharti yake. Sawa, yafuateni. Lakini ndani ya masharti hayo hayo, chukueni wimbo ambao mtoto aweza kuupuliza mara tatu mfululizo bila kusimama, siku 14 kabla ya mashindano. Hawezi? Badilisheni leo, msingoje usiku wa kuamkia safari.