Godoro Jipya Lenye Shimo

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku hizi kunguni si lazima. Mtu ajinyima mwaka mzima, anunua godoro jipya la mpira, aambiwa kwamba litadumu mpaka wajukuu, na kabla ya miezi miwili kutimia yaonekana mashimo mawili, moja la bwana na moja la bibi, na katikati tuta kama la viazi. Asubuhi wote wawili waamka wameshika viuno. Wakirudi dukani waoneshwa kibao ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi.

Mimi nasema kibao hicho hakimtakasi mtu.

Kwanza tuijue bidhaa yenyewe. Mpira si mgeni kwetu. Katika karne ya 19 watu wa Mrima walikuwa wakiingia mwituni kugema mtoria, na utomvu wake ukipelekwa Unguja kuuzwa ng'ambo. Godoro la leo latokana na mti mwingine, ambao asili yake ni misitu ya Amazon na ambao sasa hulimwa zaidi Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 1929 wataalamu wa Dunlop huko Uingereza walipata njia ya kuupiga utomvu huo mpaka ukafanya povu, kama mtu apigavyo mayai ya keki, kisha kuumimina katika kalibu na kuupika. Likitengenezwa barabara, godoro hilo ukilibonyeza hurudi mahali pake. Lakini utomvu ukipunguzwa na hewa ikazidishwa, au ukichanganywa na unga wa mawe ili godoro liwe zito mkononi, au juu yake pakafunikwa sponji hafifu, hulegea upesi. Na mnunuzi hana la kuona, kwani kitambaa kizuri kimekwisha kushonwa.

Hata hivyo, tusimdhulumu mwenye duka. Si kila alama ya mwili ni aibu ya godoro. Pamba ya juu hulala kidogo ikizoea mlalaji. Tena wako waliolitandika godoro zito juu ya chaga zilizoachana shibiri nzima, nalo likadidimia katika mianya. Na wako waliofuata desturi ya bibi zetu, waliolianika godoro la sufi juani, wakalipiga fimbo, na likishindiliana wakalifumua na kuchambua sufi upya. Jua lile lililoiponya sufi huuharibu mpira, ukakauka na kumeguka. Godoro la mpira hupigishwa upepo kivulini.

Lakini kama kitanda ni kizima na matumizi ni mema, basi haki ya mnunuzi ipo. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii wameieleza khiyari ya aibu: mali ikiwa na kasoro iliyokuwamo kabla hujaipokea, waweza kuirudisha. Sharti lake ni kufanya haraka. Aliyeijua kasoro akaendelea kulala juu yake miezi kadhaa, amehesabiwa ameridhika. Basi ukiona shimo, liondoe shuka, tandika ubao ulionyooka juu ya godoro tupu, pima kina chake kwa rula, andika tarehe, uende dukani na risiti yako. Na kabla ya kununua isome karatasi ya dhamana, kwani nyingi hazilihesabu shimo lisilofika inchi moja au zaidi.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 ikaja kuitilia nguvu. Kibao cha dukani hakiwezi kuishinda Katiba.

Wafanyabiashara wetu, wengi wao watu wa safu ya mbele msikitini, wanaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta unyevu chini. Mwenye mali alisema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Sponji iliyofichwa ndani ya kitambaa na kuitwa mpira ina tofauti gani na nafaka ile?

Kulala pagumu si aibu. Sayyidna Umar alilia alipoona alama za mkeka ubavuni mwa Mtume, na godoro la nyumba ile lilikuwa ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende. Kwa hivyo asiye na uwezo na alalie sufi au mkeka wake kwa amani. Lakini anayeuza na aseme kilichomo ndani, na kile kibao akiteremshe.