Ahadi ni deni, hata kama programu ni ya bure

Jamani, leo nina neno kuhusu Audacity, na sisi tunaoitumia.

Programu hii ilitoka mwaka 2000. Kwa miaka 22, ukitaka kuongeza mwangwi kwenye sauti ya mwimbaji, ulionja sekunde chache, ukabonyeza, ukangoja, ndipo ukasikiliza. Imeharibika? Tendua, anza upya. Kurekebisha mwangwi huku wimbo unacheza kuliombwa miaka na miaka, kukaja kwenye toleo la 3.2, Septemba 2022.

Utaambiwa, "Wanajitolea, usilalamike." Mimi pia naandika programu, najua kazi ya usiku baada ya ofisi inavyokwama. Lakini tazama: Muse Group waliichukua mwaka 2021, wakaweka watu wa kulipwa, mwaka uliofuata kazi ikatoka. Kumbe iliwezekana! Ilikosa mshahara tu.

Basi lawama ni yetu pia. Wengi tulipakua, tukanung'unika, hatukutoa hata shilingi. Nawe mwandishi wa programu, jambo lisilo na mtu wa kulifanya liondoe kwenye mipango. Afadhali "hapana" ya leo kuliko "hivi karibuni" isiyofika.

Unabisha? Karibu tubishane.